Mji Mdogo na Rafiki Mkubwa

Mtu mwenye shamba dogo, ambaye jirani yake ni mkorofi, ana njia tatu mbele yake. Aweza kupigana na jirani yule peke yake, naye huenda akashindwa. Aweza kumnyenyekea, na kila mwaka mpaka wa shamba utasogezwa kidogo. Au aweza kumtafuta mtu wa tatu, mwenye nguvu kuliko wote wawili, akamwambia, "Uwe rafiki yangu, nami nitakuwa rafiki yako." Njia hii ya tatu huonekana kuwa njema kuliko zote. Lakini mwenye busara hujiuliza kwanza: Mkubwa huyu ataka nini kwangu? Na siku haja yake itakapokwisha, nitakuwa nani mbele yake?

Nchi nazo ni vivyo hivyo. Tangu zamani nchi ndogo zimefanya mapatano na madola makubwa. Wako wasemao kwamba jambo hili ni woga tu, au ni ujinga. Sivyo. Mara nyingi wakuu wa nchi ndogo walijua sana walilokuwa wakilitenda. Habari za mji wa Malindi zatufundisha jambo hili vizuri, maana urafiki wake na Wareno ulidumu karibu miaka mia moja, na mwanzo wake na mwisho wake wajulikana.

1. Majirani wawili

Mkiitazama ramani ya pwani ya Afrika ya Mashariki mtaona miji mingi ya zamani imefuatana: Mogadishu, Barawa, Pate, Lamu, Malindi, Mombasa, Kilwa na mingineyo. Wakuu wake walikuwa Waislamu, na katika mingi ya miji hiyo watu walisema Kiswahili. Matajiri walijenga nyumba za mawe na chokaa. Kaskazi ilipovuma, vyombo vilikuja kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, vikileta nguo, shanga na vyombo vya udongo. Kusi ilipoanza, vilirudi kwao vikichukua pembe za ndovu, dhahabu na mali nyingine za Afrika.

Lakini hapakuwa na mfalme mmoja juu ya pwani yote. Kila mji ulikuwa na mkuu wake, na forodha yake, na wivu wake. Jahazi likitia nanga Mombasa, ushuru wake haukulipwa Malindi. Na likitia nanga Malindi, watu wa Mombasa walihesabu kuwa wamepata hasara. Basi miji hii miwili, iliyo mbali kiasi cha kilometa 120 tu, ilikuwa ikitazamana kwa jicho baya.

Katika mashindano hayo Mombasa ilikuwa na bahati kubwa zaidi. Mombasa ni kisiwa, na maji yanayokizunguka yana kina kirefu, hata merikebu kubwa hukaa humo salama wakati wa dhoruba. Watu wake walikuwa wengi. Malindi iko juu ya pwani iliyo wazi, na bandari yake haina kinga kubwa. Mashamba yake yalikuwa mazuri na chakula kilikuwa tele, lakini chakula hakizuii jeshi. Mfalme wa Malindi alijua kwamba, mambo yakiendelea vile vile, siku moja mji wake utakuwa chini ya Mombasa.

2. Merikebu tatu

Mwezi wa Aprili mwaka 1498 merikebu tatu za namna isiyojulikana pwani hiyo zilifika mbele ya Mombasa. Zilikuwa merikebu za Wareno, na mkuu wao aliitwa Vasco da Gama. Walikuwa wamezunguka Afrika yote kwa upande wa kusini wakitafuta njia ya kwenda Bara Hindi. Huko Msumbiji walikuwa wamekwisha kugombana na wenyeji na kupiga mizinga, na katika Mombasa hawakuaminiana na watu hata kidogo. Wareno waliwatesa mateka wawili kwa mafuta ya moto ili waseme kama pana hila. Usiku watu wa Mombasa waliogelea kimya kimya, wakajaribu kuzikata kamba za nanga. Baada ya siku chache Wareno walitweka matanga wakaondoka.

Njiani walikamata chombo kimoja chenye watu 17, na miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja pamoja na mkewe. Jioni walitia nanga mbele ya Malindi. Vasco da Gama akamtuma mzee yule pwani kwa Mfalme, aseme kwamba wageni wataka urafiki, tena wataka rubani wa kuwaonyesha njia.

Sasa Mfalme wa Malindi alikuwa na jambo zito la kuamua. Wageni hawa walikuwa wamewakamata wasafiri wasio na kosa, na mizinga yao ilikuwa mikali. Je, awafukuze, au awakaribishe? Akaamua kuwakaribisha. Alituma kondoo, machungwa na miwa. Kisha alitoka yeye mwenyewe katika chombo chake, amevaa vazi la hariri, ameketi chini ya mwavuli mwekundu, na siwa za pembe zikilia. Vasco da Gama alikataa kushuka pwani, lakini alimpa Mfalme wale mateka wote, na Mfalme akafurahi sana. Wareno walipoondoka tarehe 24 Aprili, walikuwa na rubani mjuzi wa pepo na nyota, naye aliwavusha bahari wakafika karibu na Calicut tarehe 20 Mei.

Si vigumu kufahamu sababu za Mfalme. Kwanza, aliwaona watu hawa kuwa wamekosana na Mombasa. Na adui wa jirani mkorofi huwa rafiki upesi. Pili, aliiona mizinga yao, silaha ambayo hakuna mji wa pwani uliokuwa nayo mfano wa ile. Tatu, alitumaini biashara. Nne, Wareno walitoka mbali sana. Na mtu hudhani kwamba mkubwa akaaye mbali hawezi kuwa bwana wake, kama awezavyo mkubwa akaaye karibu. Sababu tatu za kwanza zilikuwa kweli. Ya nne haikuwa kweli, lakini kosa lake halikuonekana mpaka miaka mingi ilipopita.

Wareno nao walikuwa na haja zao. Walihitaji maji, chakula, rubani, na mahali pa kupumzika katika safari ndefu. Mwezi wa Januari 1499, waliporudi kutoka Bara Hindi, wengi wao walikuwa wamekufa njiani kwa ugonjwa, na waliosalia walikuwa dhaifu. Malindi iliwapa machungwa na chakula. Hapo walisimamisha nguzo ya mawe yenye msalaba juu yake, iwe alama ya urafiki, nayo ingali yaonekana Malindi hata leo. Basi mapatano yalikuwa ya haki kwa pande zote mbili: kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho.

3. Faida ya urafiki

Haukupita muda mrefu faida ikaonekana. Mwaka 1505 Wareno walileta merikebu nyingi pamoja na mkuu wao Francisco de Almeida. Mwezi wa Julai waliuteka mji wa Kilwa. Mwezi wa Agosti waliishambulia Mombasa, wakaichoma moto na kuchukua mali zake. Masimulizi ya Wareno yasema kwamba Mfalme wa Mombasa alimwandikia barua Mfalme wa Malindi, akimweleza jinsi mji wake ulivyojaa maiti, na kumwonya ajihadhari. Fikirini barua ile ilivyosomwa huko Malindi. Adui wa siku zote ameanguka, na mji wa Malindi haukuguswa hata nyumba moja.

Mwaka 1528 Wareno waliiteka Mombasa mara ya pili, na safari hii watu wa Malindi walikuwa pamoja nao. Mji ukachomwa tena. Kwa miaka mingi mkuu wa Wareno wa pwani hiyo alikaa Malindi, na merikebu zao zilipita hapo. Mji mdogo uliokuwa ukiogopa kumezwa sasa ulikuwa na heshima kuliko majirani wake wenye nguvu.

4. Gharama yake

Lakini hakuna kitu cha bure sokoni. Wareno hawakuja Bahari ya Hindi kuilinda Malindi. Walikuja kutwaa biashara. Walitoa amri kwamba vyombo vya wafanya biashara viwe na hati yao, na chombo kisicho na hati kiliweza kukamatwa na mali yake kuchukuliwa. Amri ya namna hiyo iliwaumiza hata marafiki, maana Malindi ilipata mali yake kwa vyombo vya Bara Hindi na Uarabuni, si kwa merikebu za Ureno peke yake.

Tena, macho ya Wareno yalikuwa Bara Hindi. Mwaka 1510 waliuteka mji wa Goa, na huko ndiko alikokaa mkubwa wao wa mashariki. Malindi ilipotaka msaada, ilibidi habari zivuke bahari, na msaada ungoje upepo. Mfalme wa Malindi aliweza kutuma maombi, lakini hakuweza kuamuru. Mwenye merikebu ndiye aliyechagua siku.

Jambo hili lilidhihirika sana mwishoni mwa karne ya kumi na sita. Mara mbili nahodha wa Kituruki, jina lake Mir Ali Bey, alikuja pwani, na miji mingi iliyowachukia Wareno ilimpokea kwa furaha. Mombasa ilikuwa mmojawapo. Malindi ilikaa upande wa Wareno. Mwaka 1589 merikebu za Wareno zilitoka Goa zikamshinda Mturuki yule huko Mombasa. Wakati ule ule jeshi la Wazimba, lililokuwa limekuja likiharibu nchi kutoka upande wa kusini, liliingia katika kisiwa cha Mombasa na kuua watu wengi. Kisha Wazimba walielekea Malindi.

Hiyo ndiyo saa ambayo mji mdogo ulimhitaji rafiki yake mkubwa. Lakini Wareno waliokuwako Malindi walikuwa wachache sana. Waliouokoa mji ni Wasegeju, watu wa bara waliokaa karibu. Waliwashambulia Wazimba, wakawashinda kabisa. Baada ya hayo Wasegeju walikwenda Mombasa, wakauteka mji ule uliokwisha kudhoofika, na Mfalme wa Malindi akapewa.

Yafaa kulikumbuka jambo hili. Kwa miaka tisini Malindi ilikuwa imemtegemea rafiki aliye ng'ambo ya bahari; hata siku ya hatari kuu ilipofika, aliyekuja mbio ni jirani wa karibu, asiye na merikebu wala mizinga.

5. Zawadi iliyogeuka kuwa kamba

Basi Mfalme wa Malindi akapata kile ambacho baba zake walikitamani: kiti cha ufalme cha Mombasa. Alihamia huko. Wareno nao walihamia huko, na mwaka 1593 walianza kujenga ngome kubwa juu ya jabali la matumbawe, penye mlango wa bandari. Ngome hiyo ni Fort Jesus, nayo ingali imesimama. Mfalme aliahidiwa theluthi ya ushuru wa forodha. Kwa macho ya watu urafiki ulikuwa umefika kilele chake.

Lakini tazameni kwa makini. Miaka ile yote Malindi ilikuwa na kitu ambacho Wareno walikihitaji: mahali pa kutia nanga na kupata chakula, kati ya adui wengi. Sasa walikuwa na Mombasa, bandari iliyo bora zaidi, na ngome yao wenyewe, na mizinga juu ya kuta zake. Mfalme alikuwa rafiki aliyehitajiwa. Tangu siku ile akawa mpangaji katika nyumba ya mwingine. Na mji wa Malindi, ulioachwa nyuma, ulipungukiwa na biashara na watu, hata mwisho wake ukawa magofu. Ulianza kukaliwa tena katika karne ya kumi na tisa.

Magomvi yakaanza. Mfalme Hasan, mwana wa Mfalme yule aliyehamia Mombasa, alisumbuana na wakuu wa ngome juu ya fedha na madaraka. Mwaka 1614 alikimbilia bara, akauawa huko kwa hila za Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, aliyekuwa mtoto bado, alichukuliwa Goa akalelewa huko katika desturi za Wareno. Mwaka 1626 walimrudisha Mombasa awe mfalme, wakidhani kwamba mtu aliyelelewa nao atakuwa mtiifu daima. Lakini heshima aliyotazamia hakuipata. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni pamoja na watu wake, akamwua mkuu wa ngome, na Wareno wengi wakauawa. Mwaka uliofuata aliondoka Mombasa, na Wareno wakarudi. Hawakumweka mfalme mwingine tena. Hivyo ndivyo ulivyokwisha urafiki ulioanza kwa machungwa na siwa.

6. Wengine waliofuata njia ile ile

Mtu aweza kudhani kwamba kosa lilikuwa kwa Wareno tu, na kwamba rafiki mwingine angalikuwa mwema zaidi. Watu wa pwani walidhani hivyo pia. Walituma maombi kwa Imamu wa Oman huko Uarabuni, aje kuwatoa Wareno. Waarabu wa Oman waliizingira Fort Jesus tangu mwezi wa Machi 1696 hata mwezi wa Desemba 1698, wakaitwaa. Wareno waliondoka, lakini Waarabu hawakuondoka. Aliyeitwa kuwa mwokozi aliweka liwali wake katika ngome ile ile.

Baadaye maliwali wa ukoo wa Mazrui walijitenga na Oman, wakatawala Mombasa kwa shauri lao wenyewe. Ndipo Mombasa ikawa jirani wa kuogopwa tena. Karibu na mwaka 1812 jeshi la Mombasa na Pate liliishambulia Lamu, likashindwa vibaya katika pwani ya Shela. Watu wa Lamu walishinda, lakini waliogopa kwamba adui zao watarudi. Wakamwomba Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, awalinde. Akawatumia liwali na askari, na ngome ikajengwa. Mombasa haikurudi Lamu. Lakini tangu hapo Lamu ilikuwa chini ya Seyyid Said.

Mazrui nao, walipoona kwamba Seyyid Said awajia, walimtafuta mkubwa aliye juu yake. Mwezi wa Februari 1824 nahodha Mwingereza, jina lake William Owen, alifika Mombasa, na kwa maombi ya Mazrui bendera ya Uingereza ikapandishwa juu ya ngome. Lakini serikali ya Uingereza haikuwa na haja na Mombasa wakati ule. Seyyid Said alikuwa rafiki yao, naye alikuwa amefanya mapatano nao mwaka 1822 juu ya kupunguza biashara ya watumwa. Rafiki huyo alikuwa na thamani zaidi kwao. Mwaka 1826 bendera ikashushwa, na Waingereza wakaenda zao. Mwaka 1837 utawala wa Mazrui ukakoma.

Habari hizi zote zina mzizi mmoja. Malindi iliwaita Wareno kwa kuiogopa Mombasa. Mombasa iliwaita Waarabu kwa kuwachukia Wareno. Lamu ilimwita Seyyid Said kwa kuwaogopa Mazrui. Mazrui waliwaita Waingereza kwa kumwogopa Seyyid Said. Kila mmoja alimwogopa aliye karibu kuliko aliye mbali. Na kila mkubwa aliyeitwa aliitazama haja yake mwenyewe: ilipokuwapo alikaa, na ilipokwisha alikwenda zake, au alijifanya bwana.

7. Je, nchi ndogo ifanye nini?

Si kwamba nchi ndogo isiwe na rafiki mkubwa kamwe. Malindi ingalikaa peke yake, huenda ingaliangamia mapema. Swali lililo muhimu ni hili: Nchi ndogo imeshika nini mkononi mwake, na je, imekiachilia?

Mfano mmoja wa siku za karibu zaidi waonyesha jambo hili. Iceland ni kisiwa katika bahari ya kaskazini ya Atlantiki. Watu wake ni wachache, nao hawana jeshi. Mwaka 1949, pamoja na nchi nyingine kumi na moja, Marekani na Uingereza zikiwamo, walitia sahihi Mapatano ya Atlantiki ya Kaskazini, kwamba anayeshambuliwa mmoja ameshambuliwa wote. Mwaka 1951 waliwaruhusu Wamarekani kukaa katika kituo cha Keflavík, kwa sababu mahali pale palikuwa pazuri kwa kuilinda njia ya bahari.

Riziki kubwa ya watu wa Iceland ilikuwa samaki, na wavuvi wa Uingereza walivua karibu nao kwa vyombo vikubwa. Iceland ilisogeza mpaka wake wa uvuvi kidogo kidogo, hata mwaka 1975 ikatangaza kuwa maili 200 za bahari kuzunguka kisiwa ni zake. Uingereza ilileta merikebu za vita kuwalinda wavuvi wake. Merikebu ziligongana, nyavu zikakatwa. Mwezi wa Februari 1976 Iceland ilivunja ujumbe wake na Uingereza, na watu wake wakaanza kusema kwamba huenda wakajitoa katika Mapatano, na kituo cha Keflavík kikafungwa. Madola makubwa yaliogopa maneno hayo kuliko mizinga. Mwezi wa Juni mwaka ule ule Uingereza ilikubali mpaka wa maili 200.

Iceland haikuwa na nguvu kuliko Malindi ya zamani. Haikuwa hata na jeshi. Lakini ilikuwa bado imeshika mkononi kitu ambacho wakubwa walikihitaji, na walijua kwamba yaweza kukinyima. Tena haikuwa na rafiki mmoja tu, bali wengi waliofungwa kwa mapatano yaliyoandikwa, na hao waliwasihi Waingereza na watu wa Iceland wapatane. Mfalme wa Malindi alikuwa na rafiki mmoja. Na alipohamia Mombasa alimpa rafiki huyo bandari, akabaki na ahadi.

Basi yaliyo katika somo hili ni haya. Nchi ndogo hufanya mapatano na kubwa kwa kutaka salama, biashara, silaha na heshima. Wala si aibu. Lakini urafiki wa mkubwa hudumu kadiri ya haja yake. Kwa hiyo nchi ndogo yapasa ijue mkubwa ataka nini, isitoe chote mara moja, isiwe na rafiki mmoja tu, wala isiwadharau majirani zake wa karibu. Wahenga walisema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka." Malindi ilikuwa na fimbo kubwa huko Goa, lakini nyoka alipofika mlangoni, aliuawa kwa fimbo za Wasegeju.

Maswali

1. Taja sababu nne zilizomfanya Mfalme wa Malindi awakaribishe Wareno mwaka 1498. Ni ipi iliyokuwa kosa, na kwa nini?

2. Wareno walihitaji nini kwa Malindi? Ni jambo gani lililoiondoa haja hiyo?

3. Ni nani waliouokoa mji wa Malindi na Wazimba? Kwa nini si Wareno?

4. Eleza kwa nini bendera ya Uingereza ilishushwa Mombasa mwaka 1826.

5. Linganisha Malindi na Iceland. Zafanana katika mambo gani, na zatofautiana katika mambo gani?

6. Kama ungalikuwa mzee wa baraza la Malindi, Mfalme alipotaka kuhamia Mombasa, ungalimpa shauri gani? Andika barua fupi kwake.

7. Chora ramani ya pwani, uonyeshe Lamu, Malindi, Mombasa na Kilwa.